Diski Yangu, Nampa Nimtakaye

Jamani, tujiulize leo sisi tunaopenda gemu: ukitoa hela yako dukani ukarudi nyumbani na gemu, umenunua nini hasa?

Juni 2013 swali hili liliwasha moto. Microsoft walikuwa wanajiandaa kuuza Xbox One, wakatangaza masharti yao. Mashine lazima iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo huchezi. Gemu unaweza kumpa rafiki mara moja tu, tena awe kwenye orodha yako ya marafiki kwa siku 30 au zaidi. Kuiuza? Mpaka waliotoa gemu waruhusu.

Wapinzani wao Sony wakatoa video fupi ya kejeli, eti wanafundisha namna ya kuazimana gemu kwenye PlayStation 4: jamaa anamkabidhi mwenzake diski. Basi, somo limekwisha! Watu wakashangilia. Juni 19 Microsoft wakasalimu amri, masharti yale yakafutwa.

Wachezaji walishinda? Mimi nasema walipewa muda tu. Novemba 2020 Xbox Series S iliingia sokoni bila sehemu ya kuwekea diski, na PlayStation 5 nayo ikawa na toleo la namna hiyo. Novemba 2024 Sony wale wale wa kejeli wakatoa PS5 Pro, bei yake Marekani wakati huo ikiwa karibu dola 700, na sehemu ya diski haimo. Ukiitaka unanunua pembeni kwa dola 80 hivi, na siku ya kuifunga lazima uwe na intaneti. Kilichokataliwa kwa kelele kimerudi kimya kimya.

Sababu ni biashara. Mashine mara nyingi huuzwa kwa faida kiduchu au hata kwa hasara. Hela iko kwenye gemu. Gemu ikiuzwa kwenye duka la mtandaoni la mwenye mashine, kwa kawaida anakata asilimia 30. Wewe ukimuuzia jirani diski yako, yeye hapati hata senti. Kwa hiyo adui wake ni huyo jirani yako.

Ubaya wa kutegemea mtandao wao tumeshauona. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilianza kuuzwa 2014. Machi 31, 2024 seva zake zikazimwa, na hata aliyekuwa na diski mkononi hakuweza kucheza tena. California ikaweka sheria, ikaanza kazi Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni tu. Angalau uongo umepewa jina lake.

Sasa njoo uswahilini. Mabanda ya gemu yanaendeshwa kwa mashine za mkononi na diski zinazozunguka mtaa mzima. Kijana analipia mechi, anacheza, anamwachia mwenzake pedi. Wengi hawana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni, na bando la kushusha gemu ya GB 100 si la mtu wa kawaida. Diski ikifa, hawa ndio watakaofungiwa mlango, wala hakuna aliyewauliza.

Sipingi gemu za kushusha. Anayependa urahisi huo, hewala. Ninachotaka ni kwamba aliyelipa bei ya kununua apate haki za mnunuzi: aazime, auze, arithishe, na kampuni ikichoka kuhudumia gemu iiache katika hali ya kuchezeka.

Kama hawataki hivyo, basi waandike "kukodi" na watutoze bei ya kukodi. Au wenzangu mnaonaje?