Namba Yangu Ni Ngapi?

Katika vibanda vya gemu hapa Bariadi, mpira wa FIFA umeigwa hadi jasho la wachezaji na nyavu zinavyotikisika. Kila mchezaji ana namba ya uwezo, isiyozidi 99. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, alikuwa na yake.

Mwanangu hajawahi kuchaguliwa timu ya shule. Jioni moja aliniuliza, "Baba, mimi ningepewa ngapi?"

Nilimjibu kwamba Yesu alifundisha kuwa hata nywele zetu zimehesabiwa. Mungu anatujua kwa undani kuliko gemu yoyote, lakini thamani yetu haipimi kwa namba.

Wapendwa, watoto wetu wanajipima kila siku. Tuwaambie kwamba wanajulikana, na wanapendwa.