Mwenzetu Aliyekwenda Vifusini

Tunapenda kuwaeleza habari ya mwenzetu mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi.

Mwaka 2023 aliacha kuja madrasa, na shuleni pia. Tulidhani anaumwa. Tulipomfuata kwao, upande wa Nyamongo hapa Tarime, mama yake akasema yupo vifusini anaokota mawe yenye dhahabu. Jioni akarudi, vidole vimechubuka, akamkabidhi mama pesa ya unga. Tuliona haya, maana tulikwenda kumlaumu.

Tukamwuliza ustadhi: si elimu ni bure? Akatueleza kuwa ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Sare, madaftari na chakula cha nyumbani mzazi hununua mwenyewe. Na mwaka huohuo 2002 mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu. Kabla yake wazee wetu walichimba kwa sururu. Mgodi wa mitambo hutaka madereva wa mashine, mafundi na wahandisi. Baba wa mwenzetu anajua sururu na karai, cheti hana. Wenzetu wa wilaya ya Serengeti nao wanatusimulia kuwa kazi za hoteli za watalii zinataka Kiingereza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi ya mgodini mpaka afike 18. Sheria nzuri. Ila mwenzetu hakuajiriwa na mtu, alijiokotea mwenyewe. Sasa ashtakiwe nani?

Kilichomrudisha ni jambo jingine. Mama yake aliandikishwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao sehemu ya ruzuku yake ilitegemea mtoto kuhudhuria shule. Hazikuwa pesa nyingi, lakini mama aliweza kukopa unga dukani akijua atalipa. Sisi tukachangishana sare. (Shati lilikuwa kubwa, akalikunja mikono.)

Unga ulipopanda bei alitoweka tena siku tatu. Tulikwenda kumchukua Ijumaa baada ya swala. Ustadhi hakumwuliza kitu, akamwanzishia pale alipoishia.