Safari ya Kisiwani na Haki ya Mzazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, swalla Llahu alayhi wasallam, wiki hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kupanga safari ya mapumziko ya familia. Wengi wenu mnaishi hatua chache kutoka ufuoni, na huenda mkatabasamu mkisikia kwamba wako Waislamu wanaokaa miezi wakipanga kwenda kuitazama bahari. Sisi tunaandika kutoka Majengo ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako baridi ya Julai humfanya mtu atawadhe huku meno yakigongana, na bahari iko mbali nasi zaidi ya kilomita 700 kwa barabara.

Hata hivyo Majengo yetu ni mtoto wa pwani. Miongoni mwa wazee waliouasisi mtaa huu walikuwamo watu waliopanda bara na misafara ya biashara, na wengine waliokuja baadaye na kazi za serikali ya mkoloni, wakiwa wapagazi, askari na wapishi. Walioa huku, wakazaa huku, wakazikwa huku. Kwa hiyo bado mahamri huchomwa asubuhi, bado watoto hupelekwa chuoni jioni, na bado mtu hujitambulisha kwa mji wa babu yake ambao yeye mwenyewe hajawahi kuukanyaga.

Kupumzika si dhambi. Dini yetu imeupa mwili haki yake na imewapa ahali haki yao, na kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu kwa kuzingatia ni ibada kwa mwenye nia njema. Basi usiku mmoja, baada ya Isha, tuliwakusanya watu wa nyumba ukumbini, tukafungua daftari, tukatangaza kwamba likizo ya Desemba, Mungu akipenda, tutakwenda kisiwani siku chache.

Sisi tulikuwa tumekwisha kuchagua Lamu. Tulitaka kuswali katika msikiti wa Riyadha, alikofundisha Habib Swaleh, Mungu amrehemu. Tulitaka watoto wauone mji ule wa mawe ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kijana wetu mkubwa alitaka Diani, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Tulimwuliza kwa nini mtu asafiri zaidi ya kilomita 700 kuifuata bahari kisha akaogelee bwawani, akanyamaza. Binti yetu mdogo alitaka mahali penye pomboo.

Ahali yetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huko tuendako, nani atapika?"

Watoto walicheka. Yeye hakucheka. "Kama ni mimi," alisema, "basi mimi sipumziki. Mimi nahamisha jiko."

Tuliandika neno hilo daftarini, kwa kuwa lilikuwa la haki. Kisha akauliza la pili: "Na mama?"

Tulimjibu kwamba hilo tumekwisha kulifikiria. Mama yetu mzazi amepita miaka themanini, magoti yanamsumbua, anatumia dawa za presha, na njia ni ndefu. Atabaki nyumbani na binamu yetu, ambaye amekubali kuja kukaa naye. Tulidhani tumepanga vyema, tena kwa huruma.

"Sheikh," alisema ahali yetu kwa upole, "umemwuliza?"

Hatukuwa na jibu. Asubuhi, baada ya Alfajiri, tulimpelekea mama chai chumbani kwake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hatujafungua mdomo akasema kwamba amesikia yote usiku. Ukuta wa nyumba yetu ni mwembamba.

"Lamu nikamtafute nani?" aliuliza. "Lamu si kwetu. Nyanya yangu alikuwa mtu wa Wasini."

Habari hiyo tulikuwa tukiijua nusu nusu, kama watoto wanavyojua mambo ya wazee wao. Asubuhi ile alitupa nusu iliyobaki. Nyanya yake alizaliwa Wasini, kisiwa kidogo mkabala na Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Kisiwa kile hakina mto, na tangu zamani watu wake wameishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa birikani na maji yaliyovushwa kwa vyombo kutoka bara. Aliolewa na mtu wa safari, akaletwa huku kwetu, ambako mto Kathita hauishi kunguruma. Lakini hata alipozeeka kando ya maji mengi kiasi kile, alipima maji ya udhu kwa kata, na mjukuu aliyemwaga hata kidogo alikemewa. Ndipo tulipoelewa kwa nini mama yetu, mpaka leo, akitawadha hufunga bomba kila baada ya kiungo. Sisi tulikuwa tukidhani anaogopa bili.

Kisha alisema neno ambalo limetufanya tuiandike makala hii.

"Wewe umekwenda pwani mara ngapi, mwanangu? Ulikwenda kusoma, ukaenda kwenye Maulidi, ukaenda kwenye mihadhara. Kila ukirudi ulikuwa ukiniletea halua. Halua nilikuwa nikila, nikishukuru. Bahari sijaiona. Si kwamba sikuitaka. Hakuna aliyeniuliza."

Ndugu zetu, sisi tumesimama kwenye mimbari miaka mingi tukifundisha wema kwa wazazi wawili, na tumefundisha kwamba mambo ya Waislamu huendeshwa kwa mashauriano. Tulijikuta tumeketi kwenye mkeka wa mama yetu bila la kusema. Tulikuwa tumempunguzia taabu ya safari, na katika kumpunguzia tukamnyima sauti yake. Wako wazee wengi wanaoishi hivyo katika nyumba zetu. Wanalishwa vizuri, wananunuliwa dawa, wanafunikwa shuka, na hakuna anayewauliza wanataka nini. Tukasema, "Tusamehe, mama." Akatusamehe upesi, kama kawaida ya mama, kisha akauliza tunaondoka lini.

Tuliufuta ule ukurasa wa Lamu. Riyadha itatungoja, inshallah. Tulikiri pia, mbele ya watoto, kwamba tulikuwa tumepanga ziara yetu wenyewe tukaiita mapumziko ya familia. Tukaanza upya, safari hii mama akiwa amekaa katikati ya ukumbi. Tunayaeleza haya tuliyoyapanga kwa kuwa huenda yakamfaa mwenye mzee nyumbani.

La kwanza ni njia. Tumeikata vipande ili mama asichoke. Siku ya kwanza ni kutoka Meru hadi Nairobi kupitia Chuka na Embu. Katika Majengo ya Embu tuna jamaa, tutashuka tunywe chai na mama anyooshe miguu, kisha tutalala kwa ndugu zetu wa Majengo ya Pumwani. Siku ya pili tutapanda treni ya asubuhi. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima tangu Januari 2024, na wakati wa likizo tiketi humalizika mapema, kwa hiyo anayetaka asingoje wiki ya mwisho. Kituo cha treni kiko Miritini, na hapo karibu huanzia barabara ya Dongo Kundu inayovuka kwenda kusini, basi hatutakuwa na haja ya kumsimamisha mzee katika msongamano wa feri ya Likoni. Tutalala Ukunda, na siku ya tatu twende Shimoni kupitia Msambweni na Ramisi.

La pili ni siku ya kuvuka, na hapa tulifurahi kuona kwamba elimu ya mwezi bado ina kazi. Desemba ni msimu wa kaskazi, na bahari kwa kawaida huwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Lakini mtu wa magoti mabovu hasumbuliwi na upepo peke yake, husumbuliwa pia na maji kupwa, chombo kinapokaa chini na mtu akalazimika kupanda na kushuka kwa kujikunja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na katika pwani yetu huwa yametoka mnamo saa nne asubuhi. Siku za robo ya mwezi huwa ni maji mafu, maji hayasogei sana, na saa nne au saa tano asubuhi huwa yamejaa. Kwa hiyo tulichukua kalenda ya Hijria, tukatafuta siku za tarehe 8 na 9, au 23 na 24, tukaweka alama. Kijana wetu aliyetaka bwawa ndiye aliyefanya hesabu, na akashangaa kwamba kalenda ya ukutani iliyomwonyesha Ramadhani miaka yote inaweza pia kumwonyesha bahari.

La tatu ni swala. Safari hii inazidi mno kilomita 80 na ushei ambazo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamezikadiria, kwa hiyo tutafupisha swala za rakaa nne ziwe mbili, na tutajumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kisiwani tutakaa siku tatu tu, kwa hiyo ruhusa hiyo itaendelea. Tunawakumbusha kwamba ruhusa ni zawadi ya Mola kwa msafiri, na kuikataa zawadi huku unamchosha mzee wa miaka themanini si uchaji.

La nne ni jiko na sitara. Wasini ni kisiwa cha Waislamu, watu wa kabila la Wavumba, hakuna magari, na chakula chake hakihitaji kuulizwa kama ni halali. Wanawake wa kijiji wamejenga daraja la mbao linalopita juu ya matumbawe makongwe na katikati ya mikoko, na ada ya mgeni huenda katika kikundi chao. Tumekusudia kula vyakula vilivyopikwa na wenyeji kwa malipo ya haki: samaki, kaa, wali wa nazi. Ahali yetu hatashika mwiko. Vyombo vitaoshwa na wavulana, na maji ya kuoshea watayapima kwa kata. Binti yetu atatafuta pomboo wake upande wa Kisite, katika hifadhi ya bahari yenye kilomita 28 za mraba. Tutakodi chombo chetu wenyewe, ili wanawake wakae kwa raha bila kubanwa na macho ya wageni.

La tano ni mali. Tulipopiga hesabu, fedha hazikutosha, na moyo ulitushawishi kuchukua mkopo wa simu. Ahali yetu alikataa katakata. Tena alitukumbusha kwamba liko deni la mfanyabiashara mmoja wa soko la Gakoromone, la mifuko ya saruji tangu tulipokarabati paa, nasi tulikuwa tumeanza kulisahau. Vipi mtu aende kustarehe kwa fedha ambazo sehemu yake ni ya mwenzake? Tulilipa deni lile kwanza. Fedha zikapungua zaidi, siku za kukaa kisiwani zikawa tatu badala ya tano, na kila Ijumaa tangu hapo kila mmoja hutia alichonacho katika mkebe ulio juu ya kabati. Mama naye hutia. Tulimkataza, akatuuliza kama tumekwisha kusahau somo la kumwuliza.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuliandika daftarini. Wiki iliyopita mama alisema kwamba mtu haendi kwa wenyewe mikono mitupu. Tulidhani anataka tununue majani ya chai au ndizi. Akasema la, anataka dumu la maji ya Meru.

Watoto walicheka, na sisi pia, Mungu atusamehe, tulitabasamu. Tulimweleza kwamba maji ni mazito, na kwamba siku hizi watu wa Wasini wanayo njia ya kupata maji. Tukamwuliza pia, kwa taratibu, atampa nani. Jina la ukoo wa nyanya yake halijui. Anajua kwamba alitoka Wasini, basi. Huenda hakuna atakayetutambua.

"Wasiponitambua, nitayamimina birikani msikitini," alisema. "Mtu atatawadha."

Hatukuwa na hoja tena. Dumu la lita tano limeoshwa, linakauka juani uani, kando ya mkongojo mpya aliouchagua mwenyewe. Tutalijaza asubuhi ya kuondoka.

Wapendwa wasomaji, mkitaka kupanga mapumziko, pangeni. Tazameni mwezi, lipeni madeni, andikeni wasia, mpunguzieni jiko mwenye jiko. Lakini kabla ya kufungua daftari, ingieni kwanza katika kile chumba ambacho mlango wake hurudishwa mapema, mkae mkekani, mumwulize aliye humo anataka kwenda wapi. Na wewe uliye Mombasa, Malindi au Lamu, ambaye mama yako anasikia mawimbi usiku akiwa kitandani, usidhani kwamba kwa kuwa bahari iko karibu basi amefika. Huenda mara yake ya mwisho kukanyaga mchanga ni siku uliyokuwa mtoto, alipokuwa amekushika mkono usichukuliwe na maji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku radhi za wazazi wetu, awarehemu waliotangulia, na atufikishe sote salama tuendako. Tuombeeni dua.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.