Meza za Kukunja za India na Macho ya Wakusanyaji

Meza ya kukunja yenye nakshi kutoka India ya Kaskazini ina sehemu mbili: uso wa mviringo au wa pembe nane, na miguu inayokunjika. Mara nyingi miguu ni mbao zilizotobolewa matao na kuungwa kwa bawaba, zikikunjwa zinalala bapa. Mingine imepasuliwa katika ubao mmoja na kupishana kama marufaa ya kuwekea msahafu, na hiyo ndiyo kazi ya fundi hasa. Mafundi wa Saharanpur walichonga mti wa shishamu kwa nakshi za mizabibu. Hoshiarpur, Punjab, waliutia mti huohuo njumu za pembe za ndovu, mfupa na shaba. Kashmir walichonga mjozi kwa nakshi za majani ya mti wa chinari.

Wanunuzi wa karne ya 19 walikuwa zaidi Waingereza waliotumikia India. Ofisa aliyehamishwa kila mara alihitaji samani za kufungika, na alipostaafu meza ilirudi naye kwao. Maonyesho ya London ya 1851 na 1886 yaliitangaza kazi ya India kwa watu wasiokwenda huko kamwe, na duka la Liberty, lililofunguliwa London mwaka 1875, likauza bidhaa za Mashariki. Soko hilo la mbali lilikuwa na athari yake: nyingi ya meza zilizochongwa kwa ajili ya kuuzwa nje zimejaa nakshi hadi jicho halipati pa kupumzika.

Katika karne ya 20 mitindo ya nyumba ilibadilika, na meza nyingi zikapandishwa darini. Zilipoanza kukusanywa tena, kilichopandisha bei kilikuwa weupe wa pembe juu ya mti mweusi. Sehemu kubwa ya pembe zilizochongwa India ilitoka Afrika Mashariki, ikapita Unguja kwenda Bombay. Ua dogo kwenye meza ya Hoshiarpur huenda lilisafiri kwa misafara ya wapagazi kabla ya kumfikia fundi.

Weupe huo sasa ni mzigo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kuanzia 1990. Sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, inaruhusu kuuza kitu cha kabla ya 1947 ikiwa pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, tena baada ya kukisajili. Mkusanyaji analazimika kutofautisha: mfupa una vitone na mistari midogo myeusi, ilhali pembe iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari inayokatizana. Mti nao haukusalimika. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya *Dalbergia*, shishamu na mpingo wa Afrika Mashariki ikiwemo, imo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa.

Ndipo macho yakahama kutoka kwenye mapambo hadi chini ya meza, kutafuta dalili za ukale. Mbao hunywea kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, kwa hiyo uso wa mviringo wa kale, ukipimwa, mara nyingi haubaki mviringo kamili. Pale miguu inaposuguana panatakiwa pawe pamelainika, na mifuo ya skrubu zilizotengenezwa kwa mkono mara nyingi haikai katikati ya kichwa. Rangi nyeusi iliyopakwa sawasawa mpaka ndani ya matundu ni ya kutilia shaka.

Mahali pa kununua pamebadilika pia. Sheria ya India ya 1972 inamkataza mtu binafsi kupeleka nje kazi ya sanaa iliyotimiza miaka 100, na Saharanpur bado inachonga meza mpya kwa soko la dunia. Meza za kale zinazoweza kununuliwa kihalali huko Ulaya, kwa hiyo, ni zaidi zile zilizokwisha kutoka India zamani, zinazoibuka minadani mali za marehemu zinapouzwa, na wanunuzi huuliza kwanza kama ipo risiti, picha au barua ya zamani.