Sekunde 12 Nilizokata

Sawa, leo sina stori ya kuchekesha, kwa hivyo ukitaka kuhepa, hepa sasa. Wale mnabaki, karibuni.

Mnakumbuka ile video yangu ya Gede? Ile niliyoiita "Mji wa Majini". Niliirekodi mchana kweupe, nikaitia giza kwa simu, nikaongeza sauti ya upepo na mlango unaolia, na Gede hakuna hata mlango mmoja uliobaki. Ilitazamwa zaidi ya mara laki tatu. Mpaka leo hakuna video yangu imefika hapo. Duka moja la nguo likanilipa shilingi 15,000 niweke tangazo lao mwishoni. Nikajiona nimefika.

Ni hiyo video iliyonifanya nialikwe Watamu kwa mkutano wa siku mbili. Ujumbe ulisema ni mkutano wa "wafasiri wa mazingira na turathi", mada ni uendelevu, na wanataka kijana wa kuurekodi. Mimi nikafikiri ni wakalimani, wale wa kugeuza Kijerumani kuwa Kiswahili. Nikasema fiti, chakula kipo, bahari ipo, nauli wanalipa. Twende.

Kumbe mfasiri wa aina hii ni yule mtu anayesimama kati yako na kitu usichokielewa. Ukiona mti, yeye anakuambia mti huo ni nani hapa. Ukumbini kulikuwa na waongoza watalii, manahodha wa mashua zenye kioo chini, wafanyakazi wa makavazi, wazee wa kaya waliovaa vitambaa vyao, na vijana rika langu wanaopeleka watu kuangalia ndege msitu wa Arabuko-Sokoke. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na soketi.

Neno "uendelevu" nimelisikia kwa hotuba nyingi mpaka limeisha ladha, kama big ji uliyotafuna tangu asubuhi. Lakini hawa watu hawakuanza na hotuba. Alianza nahodha. Akasema hifadhi ya bahari ya Watamu iko tangu 1968, na watu bado wanasimama juu ya matumbawe. "Nikimwambia mgeni 'usikanyage', anakanyaga. Nikimwambia 'hayo ni makao ya wanyama walio hai, yanakua polepole mno, na wale samaki uliolipia kuwaona wanakaa hapo ndani', miguu inajiinua yenyewe."

Hapo nikaacha kuangalia simu.

Baadaye mkufunzi mmoja akamtaja Freeman Tilden, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla hajaanza kuandika juu ya mbuga za taifa za kwao. Mwaka 1957 alitoa kitabu ambacho watu wa kazi hii wanakitumia mpaka leo. Hoja yake kubwa, kwa maneno yangu: kumwagia mtu habari si kumfasiria. Habari ni mali ghafi tu. Kazi yako ni kumfanya mgeni aone kwamba hicho kitu kinamhusu, kwa sababu mtu hulinda kile amekielewa na kukipenda.

Manze, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sababu moja ilikuwa hiyo hiyo: mtu anasimama mbele anasoma maandishi ya ukutani, sisi tunanakili, saa tatu zinaisha. Hapa kulikuwa na watu ambao wengine hawakumaliza hata sekondari, na kila mmoja akifungua mdomo unataka aendelee.

Wakaongea kuhusu Kipepeo, mradi ulioanza 1993 pale pale Gede. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi vya vipepeo wa msitu huo, kisha mabundo yanauzwa ng'ambo kwa mabanda ya maonyesho. Msitu ule una kama kilomita mraba 420, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Bila msitu hakuna kipepeo, bila kipepeo hakuna karo. Ukimweleza mtu hivyo, huhitaji kumhubiria.

Halafu akasimama mzee mmoja akaongea juu ya vigango. Kama hujui, kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mtu wa chama cha Gohu. Kinakaa hapo mpaka kioze chenyewe. Hakihamishwi. Lakini kuanzia miaka ya sabini na themanini vingi viling'olewa, vikauzwa Marekani kama sanaa ya kupamba nyumba. Makavazi moja ya Denver ilikuwa navyo 30 kabla ya kuamua kuvirudisha Kenya. Mzee akasema, "Ukikitoa mahali pake bado ni kizuri. Lakini hakisemi tena kitu chochote." Watu wakanyamaza. Mimi nilikuwa nafikiria mwangaza wa dirishani umempiga vizuri.

Kisha akasimama mama mmoja, na mimi nikamjua kabla hajafungua mdomo. Ndiye aliyenizungusha Gede.

Akasema: "Mwaka jana alikuja kijana. Nikamweleza mambo ya wazee wa mji kwa heshima zote. Akaondoka na nusu." Hakunitaja jina. Hakuniangalia hata. Akaeleza kwamba miezi iliyofuata alianza kupata wageni wa aina mpya. Vijana wanaokuja na simu mkononi, hawataki msikiti, hawataki visima, wanataka waonyeshwe "pale pa jini". Siku moja kundi la wanne lilimponyoka. Mmoja akapanda juu ya ukuta kupiga kelele za kumwita jini huku mwenzake anarekodi. Jiwe likachomoka chini ya kiatu chake. Likaanguka.

"Ukuta ule umekaa mamia ya miaka," akasema. "Mvua haikuutoa. Mizizi haikuutoa."

Nilitamani sakafu inimeze. Soketi na yote.

Wacha nieleze alichoniambia siku ile, chote. Gede ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ndani ya msitu, na watu waliuhama karne ya 17. Kwa nini waliuhama, kuna maelezo kadhaa: maji ya visima kushuka, mashambulizi, biashara kuhamia kwingine. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948, na nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu ya China. Mkasi, wasee. Kuna mtu alikuwa akishona pale, akaacha mkasi wake. Mwaka 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Hayo yote aliniambia isipokuwa la mwisho, kwa sababu wakati ule halikuwa limetokea.

Mimi katika hayo yote sikuchukua hata moja. Nilichukua pale aliposimama kwa mbuyu, akateremsha sauti, akasema: "Wazee wa mji huu bado wapo. Wanatuona."

Hapo nikakata. Nikaweka mlango unaolia.

Nilipofika chumbani usiku ule nikafungua rekodi ya asili. Bado ninayo. Baada ya "wanatuona" anavuta pumzi, anaendelea: "Ndiyo maana hapa hatukati mti, hatuondoi jiwe, hatupandi ukuta. Ukiwaheshimu hawana neno nawe. Wewe ni mgeni wao." Nikapima. Sekunde 12.

Nilifikiri nimechukua sehemu tamu nikaacha mahubiri. Kumbe zile sekunde 12 ndizo zilifanya hadithi iwepo. Angalia kaya za Mijikenda, ile misitu ya kando ya pwani iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2008. Mashamba yamefika mpaka mlangoni, na bado miti mikubwa imesimama humo ndani. Kwa muda mrefu sana kilichoilinda ni maneno: hapa wazee wamelala, hapa hukati kuni, hapa unaingia hivi na kutoka hivi. Hofu ipo ndani ya hayo maneno, ndiyo, lakini imefungwa pamoja na adabu. Mimi nilifungua kifurushi, nikauza hofu, nikatupa adabu. Na huyo kijana wa ukutani alifanya kile kile nilichomfundisha. Ukimwambia mtu pana jini, atakuja kumtafuta. Ukimwambia yeye ni mgeni wa mtu, atavua kofia.

Mimi pia nilikuwa nimeng'oa kigango. Ilinichukua mpaka saa saba usiku kumwelewa yule mzee.

Asubuhi tulienda Gede kwa miguu yetu, kundi zima. Nikamsogelea. Mimi ni wa Nairobi, shikamoo hutoka kinywani mwangu kama deni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilikuona tangu jana. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja au utatoroka."

Nikaomba msamaha. Nikamwambia nilipata 15,000 kwa ile video na yeye nilimlipa 500, na nimemtumia nusu kwa M-Pesa asubuhi hiyo. Akatoa simu, akaangalia, akanitazama. "Hii ni ya hadithi au ni ya ukuta?"

Sikuwa na jibu. Akasema ya ukuta haimhusu yeye, na ya hadithi ataipokea, kwa sababu ni mwezi wa tano na hakuna wageni. Hapo akanieleza jambo ambalo halikuandikwa kwenye mabango ya mkutano. Kuanzia Aprili mpaka Juni mvua inanyesha, hoteli zinafungwa, na mwongozaji asiye na mshahara hana kitu. Kila mwaka kuna anayejua msitu mzima kwa masikio tu, anaacha kazi, anaenda kuendesha bodaboda. Tunaongea juu ya kudumisha miti na mawe, na yule anayejua majina yake anaondoka kimyakimya.

Akanipeleka kwenye ule ukuta. Jiwe limewekwa kando, linangoja mafundi. Ni dogo. Lingetosha kwa kiganja. Nilitarajia kitu kikubwa, na vile lilikuwa dogo ndivyo iliniuma zaidi. Sengi mmoja, yule wa mgongo wa dhahabu, akakatiza njia na pua yake ndefu, na kundi zima likasimama kimya bila kuambiwa. Sikurekodi. Si kwa sababu nimekuwa mtakatifu, simu ilikuwa mfukoni.

Ile video ya zamani nimeifuta. Nimeweka nyingine, ile ile hadithi, na sekunde 12 zake ndani, bila upepo, bila mlango. Baada ya wiki mbili imetazamwa mara elfu tisa. Kutoka laki tatu mpaka elfu tisa, na sitawadanganya, inauma. Kodi hailipwi na dhamira safi. Kuna siku nitashawishika tena kukata pale panapouza, najijua.

Lakini sasa nina swali ninalojiuliza kabla ya kukata, na nawaachia na nyinyi mnaorekodi kila mahali mnapotembea: mtu akiona hiki kipande tu, akifika pale atafanya nini na miguu yake?

Na ukienda Gede, Mida, Arabuko-Sokoke, Fort Jesus, popote, usizunguke peke yako na simu. Lipa mwongozaji wa hapo, umwongeze kidogo kama ni mwezi wa mvua. Ukisikia amesema kitu kitamu, usizime kamera. Ngoja avute pumzi.