Feni Hailipwi Posho ya Usiku

Nikiwaambia wenzangu kwamba fildi ya mwaka wa tatu niliifanya jikoni, wanacheka. Wao walienda kwenye viwanda vya saruji na mitambo ya umeme, mimi nikaangukia hoteli moja ndogo ya pwani ambayo fundi wake alikuwa ameacha kazi. Barua ilisema "matengenezo ya pampu, majokofu na vifaa vya jikoni". Pampu na majokofu nilivimaliza ndani ya wiki mbili. Zilizobaki zote zikaliwa na jiko la mkaa, na sijutii.

Jiko lenyewe si haya yetu ya bati yenye udongo ndani. Ni la kauri nene, umbo kama yai kubwa, lina kifuniko cha bawaba kinachofunika kabisa. Asili yake ni Japani, ambako majiko ya udongo ya aina hiyo yalipikiwa wali. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani waliyapenda, wakayabeba kwao, na mwaka 1974 jamaa mmoja anayeitwa Ed Fisher akafungua duka Atlanta, ndiyo mwanzo wa Big Green Egg. Siku hizi kampuni nyingi zinayatengeneza. La hotelini lilikuwa la kuchomea kidari cha ng'ombe, pande la kilo 5 au 6, saa 12 mpaka 14 kwenye nyuzijoto 110 hivi. Kidari ni nyama ngumu, na kinachoilainisha ni muda. Ukiongeza moto ili uwahi, utatafuna kamba.

Sasa nani anakesha saa 12 na moto? Pale alikuwepo mpishi mmoja wa siku nyingi, sote tulimwita Babu. Kila Ijumaa na Jumamosi alivuta kiti pembeni ya jiko, akakaa mpaka kunakucha, anafungua tundu la hewa kidogo, anabana kidogo. Posho yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa usiku. Nilipofika, mwenye hoteli alikuwa ameshaletewa kidhibiti joto na ndugu yake kutoka Marekani, ndani ya begi. Kazi yangu ilikuwa kukifunga, kukijaribu, kisha kuandika ripoti kinaokoa shilingi ngapi. Shilingi zenyewe zilikuwa za nani, kila mtu pale jikoni alijua.

Kifaa ni kisanduku cha kukamatika mkononi. Kina nyaya mbili za kupima joto, mmoja unabanwa kwenye wavu, mwingine unachomekwa katikati ya nyama. Kuna na feni ndogo ya volti 12 inayofungwa kwenye tundu la hewa la chini. Tundu la juu unalibana, unaacha uwazi mwembamba tu. Unakiambia 110. Joto likiwa chini feni inapuliza, likikaribia inapuliza kidogokidogo, likipita inanyamaza. Moto wenyewe hakiugusi kabisa, kinacheza na hewa tu. (Umeme ukikatika feni inazima na moto unaanza kusinzia, kwa hiyo nilikiunganisha na betri ya pikipiki.)

Waliosoma mifumo ya udhibiti wataijua hesabu iliyomo ndani, PID: kosa la sasa ni kubwa kiasi gani, limejilimbikiza kiasi gani, na linabadilika kwa kasi gani. Minorsky aliichambua mwaka 1922 akishughulika na usukani wa meli. Lakini kuna mtu wa zamani zaidi ambaye darasani hatukumgusa. Cornelis Drebbel, Mholanzi, mwanzoni mwa karne ya 17 alitengeneza tanuri la kuangulia mayai. Ndani yake pombe kali ikipata joto inatanuka, inasukuma zebaki, zebaki inanyanyua fimbo, na fimbo inafunga tundu la hewa. Moto ukipungua, tundu linafunguka tena. Jamani, haya mambo tunayofelishwa kwa milinganyo, moja ya mifano yake ya kwanza kabisa ni jiko na tundu la hewa!

Kuna jambo Babu alinirudia kila siku: hiyo feni inajua kupandisha, kushusha haijui. Na ni kweli tupu. Kauri nene inashika joto. Likiruka mpaka 150, feni itanyamaza, lakini utasubiri masaa mpaka lirudi. Ndiyo maana unawasha sehemu ndogo tu ya mkaa, na unaanza kubana matundu likiwa bado kwenye 80 au 90. Kifuniko nacho hakifunguliwifunguliwi. Ukikifungua, kihisi kinapigwa na baridi, feni inadhani moto umekufa, inapuliza kama kichaa. Vifaa vizuri vinatambua hali hiyo na kusimamisha feni kwa muda. Cha kwetu kilitambua, ila Babu aliendelea kuwachapa watu mikono.

Nilipima kwa usiku nane. Nne Babu alipanga mkaa, akawasha, akaenda kulala. Nne nyingine walipanga vijana wa jikoni. Mashine ileile, mkaa wa gunia lilelile. Usiku wa Babu mstari wa joto ulilala kama kamba iliyovutwa, ukipanda na kushuka nyuzi 3 au 4. Alikuwa anakwangua majivu yote, anatupa chenga pembeni, mapande makubwa chini, madogo juu kwenye mapengo. Kwa vijana, usiku miwili ulienda vizuri na miwili ulikwama. Saa tisa usiku kioo kinasoma joto 84, linashuka, na feni iko asilimia 100. Mashine haikukosea kitu. Chenga na majivu vilikuwa vimeziba wavu wa chini, inapuliza ukuta.

Mara ya kwanza nikampigia Babu. Alipokea haraka, mwili umeshazoea kukesha.

"Shikamoo Babu, samahani kwa usiku."

"Marahaba. Feni inazunguka?"

"Inazunguka mpaka mwisho."

"Basi upepo unao, njia ndiyo huna. Chukua waya mnene, pitisha tundu la chini, utikise. Kifuniko usifungue."

Baada ya dakika 20 joto lilikuwa linapanda.

Kwenye ripoti niliweka hesabu za mwenye hoteli kama alivyotaka: posho ya Babu ikifutwa, inabaki shilingi 20,000 kila wiki. Chini yake nikaweka ukurasa mzima wa mkaa, na mistari ya joto ya usiku nane. Msimamizi wangu wa chuo aliuzungushia penseli akaandika kwamba hilo ni suala la mapishi, si uhandisi. Sikuutoa. Mwenye hoteli aliusoma mara mbili, kisha akamwita Babu, akamuuliza kama anaweza kuwafundisha vijana.

"Naweza," Babu akasema. "Mwalimu mnamlipaje?"

Walibishana wiki nzima. Mwisho wakakubaliana shilingi 6,000 kila anapopanga mkaa, akiwa na kijana mmoja pembeni, na saa nne usiku anaondoka. Kwa hiyo kila wiki amepungukiwa shilingi 8,000. Nilipomtajia hesabu hiyo aliniambia alishaipiga kabla yangu, na haimfurahishi hata kidogo. Akaongeza kwamba Jumamosi iliyopita alilala mpaka adhana ya alfajiri, na mkewe alishtuka kumkuta kitandani.