Vitanda Kumi na Viwili



Mpendwa msomaji, juma lililopita kwaya yetu ilivuka ziwa kutoka Bukoba kwenda Mwanza, kuimba katika jubilei ya miaka 25 ya nadhiri za mtawa mmoja, binti wa parokia yetu hapa Muleba. Jubilei yenyewe sitaisimulia leo. Nataka kukushirikisha kazi iliyonisumbua kabla ya safari, yaani kugawa vyumba vya kulala melini.

Mwanzoni tulikuwa 12. Nilikwenda bandarini Bukoba, nikalipia vyumba sita vya vitanda viwili viwili katika MV Victoria, meli yetu ya siku nyingi iliyorejea safarini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Hesabu ilitimia, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Kosa langu lilikuwa moja: Dominika iliyofuata niliitangaza safari baada ya Misa. Kufikia Jumatano tulikuwa 19, na Jumamosi tukawa 27. Shangazi alitaka kuja na dada yake, naye dada na wajukuu. Nilipopiga simu bandarini, karani alinijibu kwa upole kwamba vyumba vimekwisha; vimebaki viti.

Tukakutana ukumbini, orodha ikiwa mezani. Waimbaji walisema kwamba upepo wa ziwani huharibu sauti, kwa hiyo vitanda ni haki yao. Ndugu wa mtawa walisema wao ndio wenye sherehe. Ndipo mmoja akapendekeza: “Padre, sisi ni ndugu, tubanane tu. Walale watatu kitanda kimoja, na wajukuu wasiandikwe. Wale ni wadogo, nani atawaona?” Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Mama mmoja mzee hakucheka. Alisimama taratibu, akasema: “Padre, mimi uniandike majina yangu yote matatu. Kisha unisomee nisikie.”

Ukumbi ulinyamaza, kwa maana wazee walifahamu. Mwanawe alikuwa ndani ya MV Bukoba.

Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa kijana wa seminari ndogo. Nakumbuka masomo yalivyosimama na jinsi wenzetu walivyoitwa mmoja mmoja. Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la watu wa nauli ndogo, halikuwa na orodha. Ilipinduka asubuhi ikikaribia Mwanza, na inakadiriwa kwamba waliokufa walizidi 800. Mtoto wa mama huyu alipandia Kemondo, daraja la tatu. Mama hakupata kuliona jina lake katika karatasi yoyote, na tangu siku ile hakuwahi kuvuka ziwa.

Nikaona haya kwa kicheko changu. Hata Nuhu, alipoagizwa kujenga safina, alipewa vipimo: urefu dhiraa 300, upana 50, kwenda juu 30, na vyumba ndani yake. Mungu aliyetaka kuokoa ndiye aliyeweka kipimo. Sisi mara nyingi hudhani kwamba upendo ni kumwambia kila mtu “njoo, tutabanana”. Lakini anayebanwa huwa ni yule mdogo, asiyeandikwa.

Tulianza upya. Kila jina liliandikwa kwa ukamilifu, hata la mtoto mchanga wa miezi minane. Vitanda 12 tukawapa wazee, wagonjwa na mama anayenyonyesha. Juu kabisa ya orodha palikuwa pameandikwa “Baba Paroko, chumba cha kwanza”, na hakuna aliyethubutu kupagusa. Nakiri kwamba hata mimi nilinyamaza kwa muda, nikitumaini paachwe hivyo. Kisha nikachukua kalamu, nikajifuta, nikajiandika kitini. Wenyeviti wawili wa jumuiya wakaniomba kalamu hiyo hiyo.

Usiku wa safari waumini wengine wawili walitufuata bandarini bila tiketi. Viti navyo vilikuwa vimekwisha. Walinisihi nizungumze na wakubwa wa bandari ili wapenyezwe. Nilikataa. Wakabaki gatini, na mmoja wao hajanisalimia hadi leo. Ananiuma moyoni, nami nitakwenda kwake Dominika hii baada ya Misa. Hata hivyo, jibu langu lingekuwa lile lile.

Usiku ule sikulala. Nilikaa kitini, orodha mfukoni, nikiisikiliza injini. Kulipopambazuka yule mama alitoka chumbani na shali yake mabegani, akaja kusimama kando yangu. Tulipoyaona mawe ya Mwanza aliniambia: “Padre, tuhesabu.” Nikasoma majina, yeye akihesabu kwa vidole vyake. Tulitimia 27.

Mpendwa, utakapotaka kumpa mwenzako nafasi, usiichukue kwa mnyonge. Itoe yako. Na yeyote unayesafiri naye katika maisha haya, jina lake liandike.

Mungu awabariki. Dominika njema.

Paroko wenu